Nani Anavujisha Mwisho?

Dada yangu huandika tamthilia za mtandaoni, na kuna mtu alikuwa anavujisha siri zake. Kabla sehemu mpya haijatoka, kwenye maoni tayari yupo anayeutangaza mwisho wake, na watazamaji walikuwa wanamkimbia dada. Akatushuku sote tunaofanya naye kazi, akatutega. Mpiga picha aliambiwa muuaji ni mpishi, mwigizaji mkuu akaambiwa ni dereva, na mimi, wa tumbo moja naye, nikaambiwa ni mama mkwe.

Jioni maoni yakaingia: "Muuaji ni daktari."

Dada akanikazia macho. "Kwamba ni daktari sijamwambia mtu. Umefungua kompyuta yangu?"

"Dada, kompyuta yenyewe hata wewe inakugomea!"

Hakucheka. Akarudi kuandika onyesho la mwisho, na kama kawaida yake, aliandika huku akimwigiza kila mhusika. Daktari alikiri kwa sauti nzito, mjane akaangua kilio, dirisha likiwa wazi.

Chumba cha jirani, cherehani ikanyamaza.

"Jamani dada," fundi nguo akaita, "hapo daktari anapokiri, hebu parudie. Cherehani imenimezea maneno."