Mapasa Wanauza Nini?

Dorothée Lwamba alisimama mbele ya ukuta wa ofisi ya soko, Kasongo, akisoma orodha ya waliopewa nafasi chini ya paa jipya. Aliisoma kama anavyokagua samaki wa kukausha wa Nyangwe, polepole, maana uozo haukai juu ya kikapu. Nafasi ya kumi na nne, kona inayotazama kituo cha pikipiki, ilikuwa yake. Alijiandikisha kwa mdomo wake mwenyewe, nyuma ya Bulaimu muuza chumvi. Bulaimu alikuwepo, wa kumi na tatu. Wa kumi na nne akasomeka: Plamedi.

Na Plamedi, fundi wa simu, alikuwa amekwisha kuweka meza pale konani.

"Jina yangu iko ku ukuta, Mama," alisema bila kuinua macho. "Mimi nifanye nini?"

"Ulijiandikisha siku gani?"

"Siku ile watu walijiandikisha."

Mtu aliyekuwepo angesema ni Jumanne, na mvua ilimnyeshea. Dorothée akageuka aende zake. Meza iliyokwisha kuwekwa haiondolewi kwa kelele, na kona hiyo ikimponyoka, atarudi kuuzia juani kule nyuma, ambako mteja hafiki.

Sokoni hakuna anayemjua kwa jina la Dorothée. Binti yake wa kwanza, anayesoma huko Wamaza kwa bibi yake, anaitwa Plamedi, kwa hiyo yeye ni Mama Plamedi, na ndivyo alivyomtajia karani. Basi nani amelila lile neno "Mama"? Alishuku hongo. Akarudi ukutani kutafuta wenzake walioibiwa, akakuta kwenye namba ya ishirini na mbili: Mapasa.

Alicheka peke yake, cheko fupi. Kisha akaingia ofisini.

Gaston, karani, alikuwa ameinamia kompyuta yake.

"Gaston, huyu Mapasa wa ishirini na mbili anauza nini?"

"Sijui, Mama. Ni jina ya mutu."

"Mapasa wa hapa ni wale watoto mapacha wa Albertine muuza mawese, na wangali wananyonya. Wote wawili watakaa namba moja?"

Karani akakuna shingo. "Kompyuta haina ubaya na mutu, Mama."

"Kompyuta haina. Wewe je? Nionyeshe ulichoiambia."

Akageuza kioo. Mistari mitatu tu, ya lugha inayoitwa Python. Dorothée akamtaka asome kila neno.

"Hapa nasema: chukua kila jina katika orodha. Hii *if* ni ile *si* ya Kifaransa, ni 'kama' yetu. Kama jina linaanza na Mama, kata Mama, acha kinachobaki. Kama halianzi hivyo, usiguse. Nilitaka orodha iwe safi, Mama. Mama ni heshima, si jina."

"Kwa hiyo wanaume, Bulaimu na Kamaldine, hukuwagusa. Wanawake ndio ukawaondoa, ukaandika watoto wao."

Gaston akatazama kioo, kana kwamba amekisoma leo kwa mara ya kwanza.

"Irudishe orodha ya zamani."

"Haiko. Nilibadilisha majina ndani ya orodha ileile, nikaihifadhi juu yake."

"Mimi nikihamisha samaki, situpi gunia la zamani kabla sijapima jipya," alisema Dorothée. "Sasa ukiiambia kompyuta kila jina liwekewe Mama, Bulaimu naye atazaa."

"Hapana, hapana. Nitaweka 'kama' nyingine. Kama jina liko kati ya haya ninayoyaandika, ongeza Mama mbele. Mapasa, Kavira, Ushindi, Plamedi..."

"Ngoja. Kama kuna Plamedi mwingine humo, naye atakuwa mama. Yule fundi?"

"Yule hayumo, hakujiandikisha kab—"

Akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Dorothée akavuta kiti, akakaa. Kosa la kompyuta alikuwa amelielewa. Hili lilikuwa la aina nyingine.

"Ulijua. Ukamwona anaweka meza, ukanyamaza."

"Alinitengenezea simu, Mama. Akasema jina liko ukutani, nani ataumia?"

Mwanamke mwingine angepiga yowe mpaka msikitini. Dorothée alipima: yowe litamfukuza Gaston, karani mpya atakuja baada ya wiki tatu, na kwa wiki tatu Plamedi atakuwa amepigilia misumari.

"Sikusikia ulichosema," alimwambia. "Ila nitasikia vizuri sana kama karatasi haitatoka sasa hivi. Wanawake wote, si mimi peke yangu. Mimi nakutajia, wewe unaandika."

Akamtajia kumi na mmoja, kila mmoja na biashara yake. Gaston akaandika, akabonyeza. Dorothée akasoma kioo kutoka juu hadi chini, kisha akadai karatasi, kisha muhuri juu ya karatasi, kisha karatasi ya pili ya kubaki naye.

Ile ya kwanza Gaston aliibandika mwenyewe ukutani, yeye akimsimamia. Ya pili Dorothée aliikunja akaenda nayo konani.

"Soma kumi na nne," alimwambia fundi.

Plamedi akasoma. Akasoma tena.

"Lakini Mama, jina hili pia lina Plamedi ndani."

"Lina. Anasoma Wamaza. Shika upande ule wa meza, mimi nashika huu."