Kichurachura cha Mwalimu wa Michezo

Namchukia mwalimu wa michezo wa shule yetu ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, na mtu asinihubirie habari za kusamehe. Goti langu la kushoto ni kazi yake.

Nilikuwa mkimbiaji wa mita mia nane. Alfajiri nililima na mama, nikachota maji, nikapanda kilima na dumu limejaa kichwani. Jioni mwalimu yule, mtu wa Mbarara aliyewahi kuwa jeshini na kuokota Kiswahili chake kibovu huko huko, alitupanga mstari.

"Nyinyi nalala sana! Chuchumaa chini!"

Tukaruka kichurachura kupanda kilima, kila mtu na dumu la mchanga begani. Maji marufuku mpaka yeye achoke, na angechokaje, naye amekaa kwenye kiti? Goti lilipovimba nikamwonyesha. Akalibonyeza kwa fimbo. "Hiyo ni nguvu naingia," akasema. Nguvu! Mshenzi mkubwa.

Na mama je? Kwetu sisi Wakongomani wa kambini, mwalimu akimkaza mtoto, mzazi anatoa shukrani. Mama alimpelekea kuku. "Mwalimu, umukaze huyu. Eko na uvivu mingi." Wamama wote walifanya hivyo, na aliyepeleka kuku mnono, mtoto wake aliruka zaidi. Nikirudi nyumbani mama alinikanda goti kwa maji ya moto na chumvi, akilisukuma kwa kidole gumba kama anakanda unga. Nikipiga kelele ananiambia, "Nyamaza. Unataka kufika Mbarara ao hautaki?"

Basi nilifika Mbarara, kwenye mashindano ya shule, uwanja mmoja upande wa Kakiika. Wasichana wa mjini walikuwa wanaruka kwenye kiboksi kifupi cha mbao, mara chache tu, halafu wanapumzika na kunywa maji. Kocha wao alikuwa anawafundisha namna ya kutua, magoti yasigongane. Niliwacheka. Hawa mayai wataniweza mimi? Mzunguko wa pili goti likakataa, nikaanguka kifudifudi, nao wakanipita. Mwalimu wangu akasimama juu yangu, akawaambia watu kwamba mazoezini nilikuwa natega. Daktari wa hospitali ya Ruharo alinikataza kukimbia tena.

Siku hizi nauza dagaa sokoni, na ngazi yoyote ni adui yangu. Juzi nikasikia mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ameingizwa kwenye timu. Nilikwenda nyumbani nikamkuta mama anamfunga kuku miguu. Damu ikanichemka.

"Mama, mguu yangu haukuiona?"

"Wewe ulikuwa na mifupa ya baba yako. Huyu ni mugumu."

Ningemjibu, ningetukana. Nilichechemea mpaka uwanjani, jua la jioni likiniunguza kisogo. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, kitambi kimeongezeka. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa chini ya kilima, dumu begani, midomo imemkauka.

"Tua hilo dumu," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Mwalimu akacheka. "Chukua yeye. Lakini kama natoka leo, Mbarara hapana kwenda."

"Na wewe nyamaza!" nikamfokea. "Ulishamaliza mmoja wa nyumba yetu, haukushiba?"

Nikanyoosha mkono nilishike lile dumu, mdogo wangu akasogea pembeni, bado amechuchumaa. Akautazama mguu wangu, kisha akanitazama usoni. Nilidhani ataniogopa. Macho yake yalikuwa makavu, yamejaa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi, si juu ya mwalimu.

"Da, rudia sokoni. Batu banatuangalia. Wewe ulishindwa. Mimi sitashindwa."

Akaruka. Nilikuwa karibu naye, nikasikia goti lake likilia. Yeye hakulisikia, wenzake walikuwa wanampigia makofi.