Pua Yangu ya Kambi Muru

Miaka yote niliyouza samaki Kambi Muru, nilijulikana kwa pua. Nikinusa samaki mara moja tu, najua kama ni wa leo au amelala. Kisha wateja wakaanza kunihepa mmoja mmoja, bila neno. Nikalaumu uchumi. Ni jirani tu aliyeendelea kununua kila jioni, nami nikamwita rafiki.

Siku moja alisahau malimau yake kibandani kwangu. Nikamfuata, nikamkuta anamwaga samaki wangu mtaroni, leso imeziba pua.

“Mathe, mama yangu, sikutaka kukuvunja moyo.”

Nilimtusi mpaka sauti ikakauka. Kisha nikarudi kibandani, nikainamia samaki waliobaki, nikawanusa mmoja mmoja.

Kwa pua yangu, wote walikuwa wa leo.