Pini Tumboni mwa Fundi

Kila fundi cherehani ana mahali pake pa kuweka pini. Fundi huyu aliziweka mdomoni, ndiyo maana wateja walimwita Bwana Pini. Ukienda kupimwa suruali, alikuuliza habari za kiuno kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili umezibana pini. Mkewe alimshonea kimto chekundu cha kuzichomeka. Alikisifu sana, kisha akakitundika ukutani kama picha.

Siku moja mkewe alimletea chai kibandani, akaanza kumwigiza jirani yao anavyojaribu koti mbele ya kioo. Mke huyo alikuwa na kipaji cha kuigiza watu, ungecheka hata kama una msiba. Fundi alicheka hadi akapaliwa. Alipomaliza kukohoa, akahesabu pini zake: zilikuwa tano, sasa nne. Mkewe alipoondoka, fundi alipitisha sumaku sakafuni na kukung'uta kila kitambaa. Wapi! Hakumwambia. Angeanzaje kumwambia mwenzake kwamba mzaha wake umemtia chuma tumboni?

Haukupita muda, tumbo likaanza. Moto chini ya kifua, kiungulia, gesi, usingizi wa mang'amung'amu. Fundi hakuwa na shaka, ile pini inatembea. Akaacha kula mchana, eti chakula kisije kikaisukuma. Mgongo nao ulimuuma kwa kuinamia cherehani, basi kila asubuhi alimeza vidonge vya maumivu kwa chai kali, tumbo tupu. Tumbo likizidi, naye akazidisha vidonge. Hospitali hakutaka hata kuisikia, maana aliamini huko watampasua tu. Alijikaza kisabuni, na mficha maradhi, wahenga walishasema, kifo humuumbua.

Kubwa zaidi, kwa kuogopa kicheko kitaisukuma pini, alipiga marufuku mizaha ya mkewe. "Mama watoto, hapa ni kazini," alisema macho kwenye mshono, siku moja mkewe alipoanza tena kumwigiza jirani. Tangu hapo mama wa watu akawa anaweka chai mezani na kuondoka. Maskini, alidhani amechokwa.

Asubuhi moja fundi alijikunja juu ya koti la mteja, jasho likimtoka. Mkewe hakuomba ruhusa ya mtu. Alifunga kibanda, akampeleka hospitali.

Daktari, binti wa rika la mtoto wao wa kwanza, alimbonyeza tumbo taratibu. Akamuuliza kama ametapika damu, kama choo kimekuwa cheusi, anakula nini, anameza dawa gani. Kisha akamtazama usoni. "Baba, kuna kitu unakiogopa?"

Fundi akapiga moyo konde, akasema yote. Mkewe akaweka mkono mdomoni.

Picha ya eksirei ilipopigwa, daktari aliishika kwenye mwanga. "Hakuna pini hapa. Kama uliimeza, ilishatoka zamani. Kama hukuimeza, iko kibandani kwako. Ninachokishuku ni vidonge vya mgongo. Ukivimeza kila siku bila chakula, vinachubua tumbo mpaka linatoka vidonda. Viache. Nitakupa dawa ya kupunguza asidi, na tutapima kama kuna vijidudu. Kula kidogo kidogo, usishinde njaa. Na ukiona choo cheusi kama lami, usingoje kesho, njoo."

Nje, kwenye benchi, mkewe ndipo alipolia. "Muda wote huo unalala na pini peke yako?"

"Niliogopa utajilaumu."

"Nami nilifikiri umenichoka, baba watoto. Nimejiuliza usiku na mchana nimekukosea nini."

Fundi aliona aibu, akamshika mkono pale pale mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Kupona hakukuja kwa siku moja. Zipo asubuhi ambapo moto ulirudi, akanywa uji polepole na kusubiri upite. Mgongo aliunyoosha kwa kusimama kila anapomaliza mshono. Kimto chekundu kilishuka ukutani, kikajaa pini.

Mchana mmoja mkewe aliingia na bakuli la uji. Aliliweka mezani, lakini hakuondoka.

"Fungua mdomo."

Fundi akaufungua. Mkewe akachungulia mashavuni, akachungulia chini ya ulimi, kama anavyokaguliwa mtoto aliyeiba sukari. Hakukuwa na kitu. Basi akarudi nyuma hatua moja, akavuta tumbo ndani, akainua kidevu mbele ya kioo, na kuendelea kumwigiza jirani pale pale alipokuwa ameishia.