Pakiti Mbili, Sufuria Moja

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee hapa Isiolo mjini kila wiki, kuuliza habari za magoti. Daktari wa utafiti alitaka kujua kama unga wa gome fulani, ambalo wazee wetu wamechemsha tangu zamani, unapunguza maumivu kweli. Wazee wengine walipewa pakiti za dawa, wengine pakiti za unga unaofanana nayo lakini hauna kitu ndani. Nani amepata nini, hata mimi sikuambiwa. Niliishia darasa la nane, lakini hiyo niliielewa.

Mama yangu alikuwa kwenye orodha. Nilimwambia daktari mapema, akasema hakuna neno, mradi niandike ukweli.

Wiki ya sita nikamkuta mama jikoni na jirani yake, Mmeru wa rika lake aliyekuwa akiuza miraa zamani, naye pia yuko kwenye utafiti. Sufuria inachemka. Kando yake pakiti mbili tupu, moja ya kila mtu.

"Salaam aleikum. Hii ni nini?"

"Aleikum salaam. Dawa," mama akasema. "Kwani wewe umeona chai?"

"Mnachanganya?"

"Tangu siku ya kwanza," jirani akajibu. "Si ni wewe ulituambia mmoja anaweza kupewa unga mtupu? Sasa mimi ninywe dawa, mwenzangu anywe vumbi? Huyu ndiye hunichotea maji nikiugua."

"Huko kwetu Garbatulla," mama akaongeza, "mtu akichemsha dawa na kufunga mlango, huyo ni mchawi."

Nilikaa kwenye kibao nikashika kichwa. Wiki sita nimejaza fomu mbili, na kumbe ni sufuria moja. Nilitaka kuwagombeza, lakini ni mimi niliyewaeleza siku ile. Nilisema mengi juu ya bahati, nani atapata pakiti gani. Kama niliwaambia wasigawane, sikumbuki. Nimepekua daftari langu, sioni mahali nimeandika.

"Nikiandika hivi mtatolewa."

"Basi usiandike," jirani akasema.

Mama akapunguza moto. Kabla ya utafiti alikuwa akiswali kwenye kiti. Sasa alikuwa akisujudu chini kama watu wengine, na hilo lilimfurahisha kuliko mjukuu yeyote.

"Uliandika kwamba ninasujudu?"

"Niliandika."

"Hilo ni kweli. Na hili ni kweli. Andika."

Nikaandika. Daktari hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Akachukua pakiti zao zilizobaki, akawatoa wote wawili. Jirani aliacha kunisalimia siku kadhaa. Siku hizi ananisalimia, lakini ananiita Polisi.

Mwezi uliofuata nikamkuta mama amerudi kwenye kiti. Inaweza kuwa ni kukosa dawa. Inaweza kuwa ni mitungi ya maji aliyobeba wiki ile mifereji ilipokauka. Labda goti lilipona lenyewe na kuharibika lenyewe, sijui. Mtu angejua kwa kumfuatilia, na mimi ndiye niliyemtoa mahali pa kufuatiliwa.

Kwa mazoea nikatoa daftari, nikamuuliza goti linaumaje.

"Uliza wale wa orodha yako," akasema, akanisukuma kidogo nimpishe, maana nilikuwa nimesimama mbele ya kiti na saa ya swala imefika.