Mwanamke Aliyeitwa Dhambi

Mzee Cuthbert wa Lundo nilimfahamu tangu ana wake wawili na afya tele. Mke mkubwa ni Beata, walifunga ndoa kanisani kwao, Anglikana, kengele zikalia. Wa pili ni Emiliana, Mmatengo wa kule juu Litembo, aliyeshuka ziwani kwa mahari ya mbuzi tu, bila padre. Kwa ajili ya Emiliana mzee akatengwa, asipokee Komunyo. Hakujali. Mtu akiwa bado anavuta nyavu kwa mikono yake mwenyewe, hajali.

Alipovuka miaka sitini akaanza kujali. Aliyetengwa akifa hapigiwi kengele, wala padre haji kaburini. Watu wa rika lake walikuwa wanazikwa mmoja mmoja, naye kila akitoka mazishini hapati usingizi. Akaenda kwa padre. Padre akamwambia mlango uko wazi, ila abaki na mke mmoja.

Hapo angeweza kuzungumza na mwenzake taratibu, wawili tu. Hapana. Aliwaita wazee wa kanisa mpaka uani kwa Emiliana, akamnyooshea kidole, akasema, "Huyu ndiye dhambi yangu. Leo naiacha."

Na mwanamke alikuwa anasonga ugali wa huyo huyo! Miaka yote kamfulia, kamuuguza, kamzalia binti, Asteria, ambaye sasa kaolewa Mpepai. Leo kawa dhambi.  Emiliana alikunja mkeka wake, akainamisha chungu cha maji pale kizingitini mpaka kikawa kitupu, akajitwika, akaenda zake.

Chungu kilichojaa kinalemea, ndiyo maana alikimwaga. Lakini Mzee Cuthbert alitazama yale maji yanavyozama mlangoni kwake, akasema moyoni: mke akiondoka na kumwaga maji kizingitini, hiyo ni laana; nimelaaniwa.

Watu walidhani Emiliana atapanda kurudi kwao. Thubutu! Alitafuta chumba kando ya njia ya kanisani. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anauza anachoweza. Akawa ananunua usipa, hao dagaa wa ziwa letu, anaanika, anapandisha Mbinga kwa lori, anarudi na mitumba na sabuni. Mimi nikipita na kazi yangu ya kuziba sufuria nilikuwa napumzika kibandani kwake. Kila Jumapili alikaa mlangoni na kanga mpya, anawatazama waendao ibadani.

"Mama Asteria," nilimwambia, "si uhamie sokoni kwenye wateja?"

"Dhambi ikae sokoni, babu? Inakaa karibu na kanisa, waione vizuri."

Kwa Beata nako mambo hayakwenda. Mzee alirudishiwa Komunyo, lakini kitandani mwili ukalala moja kwa moja. Alinisimulia mwenyewe, mzee kwa mzee, huku anatazama chini. Alikwisha kununua mizizi kwa wachuuzi, akatafuna mpaka ulimi ukafa ganzi. Alikwisha kuungama kwa padre kwamba amelala kwa Beata lakini anamwota Emiliana. Padre akamwambia asali na kufunga. Akafunga kweli. Akakonda, suruali ikampwaya, na kila saa ana kiu, anatoka nje kukojoa. Kanisani wakamsifu: "Tazameni mtu anavyotubu!"

"Ni Mungu au ni Emiliana," aliniambia. "Mmoja wao kanifunga."

"Nenda hospitali, mwenzangu."

"Hospitali wana sindano ya dhambi?"

Sasa, kwa desturi za huku, aliyetamka neno baya ndiye anayelitoa. Anachukua maji funda moja, anampulizia mwenzake kifuani, neno linapoa. Basi mzee akajifunika koti, akaenda kwa Emiliana jioni, akamweleza yote yaliyompata, akaomba apuliziwe. Emiliana hakuwa amemlaani hata kidogo. Angesema hivyo tu, yaishe. Alimtazama, akasema, "Bado."

Mzee alipotoka alijisaidia haja ndogo kando ya mihogo. Asubuhi Emiliana akakuta sisimizi wamejaa pale pale kama palimwagwa asali. Alikwisha kumuuguza mjomba wake kule Litembo, mgonjwa wa sukari, na dalili ile anaijua. Akajua kinachomla mzee, akajua na kilichoulaza mwili wake kitandani. Akanyamaza. Haya yote alinieleza baadaye.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza.

"Dhambi inajua nini habari za ugonjwa?"

Mzee alirudi tena na tena. Mara ya mwisho Emiliana akamwambia, "Nitakupulizia. Ila si gizani. Ulinitoa mbele ya watu, njoo uniombe mbele ya watu. Jumapili, wakitoka kanisani." Mzee akaona afadhali kufa. Lakini alijikwaa na jembe, kidonda cha dole gumba kikakataa kupona, kikaanza kunuka, naye akahesabu kuwa laana sasa imeshuka miguuni. Jumapili moja ya mavuno akaja, anachechemea, shati jeupe, Beata nyuma yake, na kanisa zima nyuma ya Beata.

Akapiga magoti penye usipa. Emiliana ameshika kikombe cha bati.

"Baba Asteria, mimi ni nani?"

"Emiliana."

"Sikuuliza jina."

 "Mke wangu. Si dhambi. Mke wangu, nilikukosea."

"Mpulizie basi, bibi wee," Beata akadakia, "tukapike, jua limepanda!"

Emiliana akatia maji mdomoni.  Mzee akafungua vifungo vya shati, akatoa kifua. Mwanamke akamtazama, mashavu yamejaa, kisha akayameza. Tulisikia yakishuka kooni.

"Sina cha kupuliza," akasema. "Sikukulaani mimi, wala Mungu hakukufunga. Una sukari, baba. Ndiyo iliyokumaliza nguvu, ndiyo inayokuozesha kidole. Nenda hospitali, Litembo."

Beata akamkazia macho. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mahindi yalipotoa mbelewele."

"Na leo tunavuna!"

"Ndiyo," Emiliana akasema. "Tunavuna."

Walimpandisha Litembo kwa lori. Wakamkata vidole viwili, wakampa dawa. Daktari akamweleza kwamba sukari huwaondolea wanaume wengi nguvu, wacha Mungu na walevi sawasawa, wala si adhabu. Mzee akaitika, "Ndiyo, daktari," kwa heshima zote. Dawa anameza mpaka leo. Maneno hakuyameza. Anachojua yeye ni kwamba maji ya kuiondoa laana yalikwisha kufika mdomoni, na mwanamke akayashusha tumboni. Laana yake iko mle, hai, Emiliana anatembea nayo.

Nilimwomba Emiliana amwondolee hofu hiyo, mzee mwenyewe hana siku nyingi.

"Nilisema ukweli mbele ya kanisa zima," akanijibu. "Kama yeye hautaki, kosa langu?"

Jumapili iliyofuata nilikuwa pale kibandani. Mzee Cuthbert akapita na fimbo yake kwenda kupokea Komunyo. Emiliana ni mdogo kwake, alimwoa msichana. Alipofika mbele yake mzee akavua kofia, akainama.

"Shikamoo," akasema.

Emiliana hakuinuka.

"Marahaba," akaitikia, akaendelea kugeuza usipa.