Glovu za Mama

Juzi, kwenye zahanati moja ya Mabatini, nesi alivaa glovu mpya kwa kila mgonjwa, nami nikamkumbuka mama.

Daktari wetu wa zamani alichemsha sindano kwenye jiko la mchina. Kulinuka mafuta ya taa, na sindano ziligongana ndani ya sufuria. Pazia la mlango wake lilikuwa wazi, na sisi tuliokaa kwenye benchi nje tuliona kila kitu. Wagonjwa wote aliwashika kwa mikono mitupu. Ilipofika zamu ya mama, aliyekuwa amekonda sana, daktari akavaa glovu.

Tuliporudi kwenye benchi kusubiri dawa, nilimuuliza, "Mama, mbona wewe tu kakuvalia glovu?"

"Ananiheshimu, mwanangu."

Niliamini, kwa sababu hata wanawake waliokuwa wamekaa pale waliinuka, wakatuachia benchi zima. Nikanyoosha miguu kama mtoto wa mkuu wa mkoa.